Unga wa kushusha potasiamu na miguu ya mama iliyovimba

Swali: "Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 67, anatibiwa moyo na presha, na figo zake tuliambiwa zimepungua nguvu. Miezi miwili iliyopita alilazwa kwa sababu potasiamu ilipanda. Wakampa unga wa kahawia hafifu wa kukoroga na maji, ikashuka. Nusu ya mkebe imebaki nyumbani. Sasa miguu imevimba tena, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Nimesoma kwamba dawa hizi zinaitwa rezini, na kwamba zamani zilitumika kuwaondolea chumvi watu wenye uvimbe. Nimesoma pia haziingii kwenye damu, zinapita tumboni na kutoka na choo. Je, ni salama nikimkorogea kijiko kwenye uji kila asubuhi, badala ya kumwongezea Lasix ambayo inamchosha kwa kwenda msalani? Msomaji, Tanga."

Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Jibu langu ni hapana. Usimpe mama unga huo kwa ajili ya miguu, iwe kwenye uji au kwenye maji. Ulichosoma ni kweli, tena ni historia nzuri ya tiba. Tatizo ni kwamba rezini uliyosoma habari zake na rezini iliyo kabatini kwako ni ndugu wa baba mmoja waliopita njia mbili tofauti, na huyu uliyenaye nyumbani huenda akafanya kinyume kabisa cha unachokitafuta.

Tuanze na rezini yenyewe. Ni chembechembe ndogo za plastiki, nyingi zikiwa za polistireni, jamaa ya ile plastiki nyeupe nyepesi inayofungiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Kila chembe imepandikizwa chaji hasi zisizobanduka, na chaji hizo hushika ayoni, yaani vijichembe vya madini vyenye chaji ya umeme, zile zenye chaji chanya: sodiamu, potasiamu, kalsiamu, haidrojeni, amonia. Inazishika kwa kulegea, kwa hiyo ayoni nyingine ikipita karibu zinabadilishana nafasi. Hii ni biashara ya mali kwa mali, haina mkopo wala zawadi. Ukiambiwa rezini fulani inaondoa kitu mwilini, uliza papo hapo inalipa kwa nini.

Wenye hoteli za Pwani wanaochota maji ya visima wanaijua biashara hii, hata kama hawaiiti hivyo. Mashine ya kulainisha maji magumu ina tangi la rezini. Rezini inakamata kalsiamu ya chokaa na kuachia sodiamu, na ikichoka fundi anaisuuza kwa maji ya chumvi ili ijae sodiamu upya. Maji yanayotoka yanatoa povu zuri la sabuni, lakini yana sodiamu nyingi kuliko yalivyoingia. Kumbuka mfano huo, nitaurudia.

Sasa hiyo historia. Mwaka 1946, daktari wa Marekani aitwaye William Dock alipendekeza rezini itumike kuchota sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, tumboni kabla haijafyonzwa. Ili uelewe kwa nini wazo hilo lilishangiliwa, fikiria mgonjwa wa moyo wa wakati ule alikuwa na nini mkononi. Kulikuwa na sindano za kukojoza zilizotengenezwa kwa zebaki. Kulikuwa na mirija midogo ya kuchomekwa miguuni ili maji yachuruzike. Na kulikuwa na mlo wa daktari Walter Kempner wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani: wali na matunda, siku nenda rudi, bila chembe ya chumvi. Mtu wa Tanga akiambiwa ale wali mtupu usio na nazi wala chumvi kwa miezi kadhaa, atamwuliza daktari kama kuna adhabu nyingine. Unga unaochota chumvi na kumwachia mtu chakula chake ulionekana kama ukombozi.

Rezini hizo zilipakiwa amonia au haidrojeni. Mgonjwa alimeza makumi ya gramu kila siku, unga unaokwaruza ulimi kama mchanga. Utumboni zilikamata sodiamu na kuachia amonia au haidrojeni, na sodiamu ikatoka na choo. Na zilifanya kazi. Wagonjwa wengi wa moyo na wengine wenye ugonjwa wa figo wa kuvujisha protini walipungua uzito kwa kupoteza maji.

Lakini malipo yake nayo yaliingia mwilini. Haidrojeni ni tindikali moja kwa moja. Amonia ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa urea, na katika kugeuzwa huko tindikali hubaki nyuma. Figo nzima huitoa kwenye mkojo bila shida, ila figo iliyochoka inalemewa, damu inakuwa na asidi nyingi, mgonjwa anahema kama aliyetoka mbioni. Tena rezini haikuchagua sodiamu peke yake. Ilibeba potasiamu pia, misuli ikalegea na mapigo ya moyo yakavurugika, hadi watengenezaji wakaanza kupakia sehemu ya rezini potasiamu ili kufidia. Ilibeba kalsiamu, baadhi ya wagonjwa wakapata mikazo ya vidole na ganzi mdomoni. Na pale ilipobeba sodiamu kupita kiasi, mtu alibaki mchovu, hana hamu ya chakula, kichwa kizito.

Funzo kubwa zaidi lilitoka kwa wagonjwa wa ini. Mwaka 1952 madaktari wa Boston, Gabuzda, Phillips na Davidson, walieleza wagonjwa wenye ini lililojaa makovu ambao, baada ya kupewa rezini hizi kwa ajili ya maji ya tumboni, walianza kuchanganyikiwa na kupoteza ufahamu. Dawa iliposimamishwa, walirejea katika hali yao. Ini bovu lilikuwa limeshindwa kuigeuza ile amonia, nayo ikapanda ubongoni. Kwa mgonjwa lilikuwa janga, kwa sayansi likawa mlango: sehemu ya tunachokijua leo kuhusu amonia na kuchanganyikiwa kwa wagonjwa wa ini ilianzia hapo. Ndiyo maana mgonjwa wa ini akianza kuongea ovyo, daktari anauliza kwanza amepata choo lini.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 zikaja dawa za kukojoza za kumeza, klorothiazaidi ikitangulia, na katika miaka ya 1960 furosemaidi, hiyo Lasix ambayo mama hapendi. Kidonge kimoja kikafanya kazi ambayo mkebe mzima wa unga ulikuwa ukiifanya kwa taabu. Rezini za uvimbe zikawekwa kando. Hakuna kliniki ya moyo itakayokuandikia leo.

Ila plastiki yenyewe haikutupwa, ilibadilishiwa mzigo. Mwaka 1958 Marekani iliidhinisha rezini ya polistireni iliyopakiwa sodiamu kwa kazi nyingine, ya kushusha potasiamu. Inaachia sodiamu, inabeba potasiamu. Kwa maelezo yako, unga aliopewa mama wodini ama ni huo, ama ni ndugu yake aliyepakiwa kalsiamu. Chukua mkebe usome. Pakiandikwa sodium polystyrene sulfonate, basi una ile rezini ya tangi la hoteli baada ya kusuuzwa kwa chumvi.

Sasa piga hesabu na mimi. Kila gramu ya unga huo ina takriban miligramu 100 za sodiamu. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni gramu 15, yaani vijiko vinne vya chai vya usawa. Hapo kuna miligramu 1,500 za sodiamu, sawa na karibu gramu 4 za chumvi ya mezani. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, kutoka vyakula vyote. Si sodiamu yote ya unga inayoachiliwa na kufyonzwa, nakubali. Lakini kwa mtu ambaye moyo wake tayari unashindwa kusukuma na figo zinashindwa kutoa chumvi, hata sehemu yake inatosha kuongeza maji miguuni na, kibaya zaidi, kwenye mapafu. Maelezo ya dawa yenyewe yanaonya kuhusu kuitumia kwa watu wenye moyo ulioshindwa vibaya, presha kali au uvimbe mkubwa. Mama anagusa angalau mawili kati ya hayo matatu. Wodini walimpa kwa sababu potasiamu ya juu ingeweza kuusimamisha moyo, na walikuwa wanampima. Walipima hatari mbili, wakachagua iliyo ndogo kwa siku chache.

Ukikuta ni calcium polystyrene sulfonate, habari ya sodiamu inaisha, lakini swali lako halipati jibu jipya. Rezini hiyo haina hamu na sodiamu, kwa hiyo miguu itabaki ilivyo, huku ikiendelea kubeba potasiamu ambayo Lasix nayo inaitoa. Potasiamu ikishuka sana ni hatari kama ikipanda, hasa kama mama anatumia dawa ya moyo iitwayo digoksini. Na kalsiamu inayoachiliwa inaweza kupanda kwenye damu.

Kuhusu "haiingii kwenye damu": ni kweli, na hoja hii huwadanganya hata watu wa fani. Jiwe nalo haliingii kwenye damu. Rezini inafanya kazi utumboni na madhara yake mabaya kabisa yako hukohuko. La kwanza ni kufunga choo. Unga wa plastiki usiotembea unagandamana. Nimewahi kumwona mzee mmoja aliyekunywa unga huu nyumbani wiki nzima bila mtu kumwuliza habari za choo, akaletwa tumbo gumu kama ngoma, akitapika. Zamani walidhani dawa ya kufunga choo ni kuuchanganya na sorbitoli, sukari inayolegeza tumbo. Mwaka 1987 ikatolewa ripoti ya wagonjwa watano wa figo walioozewa na utumbo baada ya kupigwa bomba la mchanganyiko huo kwa njia ya haja kubwa. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaonya usitumike pamoja na sorbitoli. Lakini utumbo kuumia kumeonekana hata pasipo sorbitoli. Uchunguzi mkubwa wa wazee wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta waliotumia rezini hii walipata majeraha makubwa ya tumbo na utumbo takriban mara mbili ya wasiotumia. Ni haki niseme kwamba kwa hesabu ya vichwa bado walikuwa wachache. Mgonjwa anayehitaji unga huu asiukimbie kwa sababu yangu. Ninayemkataza ni asiyeuhitaji.

Kingine cha utumboni: rezini hukamata na dawa nyingine. Vidonge vya mama vya moyo vikinywewa pamoja nao, sehemu inaweza kutoka na choo bila kufanya kazi. Kanuni ni kutenganisha kwa saa tatu kabla au baada, na saa sita kama tumbo la mgonjwa linachelewa kusaga, kama ilivyo kwa baadhi ya wenye kisukari cha muda mrefu. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini zisichanganywe nao kabisa.

Na uji, mwanangu, uji wa moto! Rezini haitakiwi kupashwa moto, inaharibu tabia yake ya kubadilishana. Hukorogwa kwenye maji ya kawaida, inanywewa mgonjwa akiwa ameketi wima, kwa sababu ikipaliwa na kuingia mapafuni inaleta nimonia. Wala haikorogwi kwenye juisi ya machungwa, maana hapo utakuwa unampa potasiamu kwa mkono mmoja na kuiondoa kwa mwingine.

Hapo ndipo ninapotaka kukuuliza mimi sasa. Potasiamu ya mama ilipandaje mwanzoni? Hukuandika, lakini nina dhana zangu. Je, anakunywa madafu? Huku kwetu mtu akivimba miguu, jirani wa kwanza anayepiga hodi analeta madafu mawili, "yatamkojoza". Kikombe kimoja cha maji ya dafu kina takriban miligramu 600 za potasiamu. Kwa mwenye figo nzima hakuna neno. Kwa mama, ambaye yawezekana pia anatumia spironolaktoni, losartani au enalaprili, dawa nzuri za moyo zinazobakiza potasiamu, madafu ya kila siku yanatosha kumrudisha wodini. Vivyo hivyo chumvi mbadala zinazouzwa kwa jina la chumvi ya wagonjwa wa presha: nyingi zimewekwa potasiamu mahali pa sodiamu.

Na sodiamu inayomvimbisha, nayo ina maficho yake. Watu hupunguza chumvi ya mezani wakaridhika, huku maharage na mlenda vinaiva kwa magadi. Magadi ni sodiamu. Mchuzi una vile vidonge vya kuongeza ladha. Ng'onda na papa mkavu wamelala kwenye chumvi kabla hawajakufikia. Achari, na chumvi za tumbo zinazochemka kwenye glasi, zote zihesabu. Kisha angalia dawa za maumivu. Kama magoti yanamsumbua na ananunua diklofenaki au ibuprofeni dukani, umepata mtuhumiwa mkuu: dawa hizo hubakiza chumvi na maji, huchosha figo na hupandisha potasiamu, yote matatu kwa kidonge kimoja. Ningeanza kutafuta hapo kabla ya kwingine kokote.

Uvimbe nao una sababu nyingine. Amlodipini ya presha huvimbisha vifundo vya miguu bila moyo wala figo kuwa na kosa jipya. Mguu mmoja ukivimba peke yake, ukiuma na kuwa wa moto, ni lazima donge la damu litafutwe siku hiyohiyo. Na kwa kuwa uko Tanga, matende nayo yapo, ingawa uvimbe wake wa muda mrefu ni mgumu na haubonyei kama unavyoeleza wewe. Miguu yote miwili, inayobonyea, kwa mgonjwa wa moyo: mimi naiona ni chumvi na maji hadi nithibitishiwe vingine.

Sasa turudi kwa Lasix, ambayo naona umeionea. Ndiyo inayofanya kile ulichotumaini rezini ingefanya, maana inatoa sodiamu kwa njia ya mkojo. Na inatoa potasiamu pia. Yaani kwa mama huyu, mwenye miguu iliyojaa na potasiamu inayopenda kupanda, dawa anayoikwepa inafanya kazi zote mbili kwa pamoja. Kama usumbufu ni kuamka usiku, tatizo ni saa ya kunywa. Ainywe asubuhi, na kama kuna dozi ya pili iwe mapema mchana. Kama dozi haitoshi, iongezwe na daktari baada ya kupima kreatinini (kipimo cha nguvu ya figo), sodiamu na potasiamu. Usiiongeze wewe kwa kukisia, na asiikate mama kwa sababu ana harusi ya kuhudhuria. Ikibidi, siku ya safari aulize kliniki kama anaweza kuichelewesha saa chache.

Kuna dawa mpya za kukamata potasiamu, na huenda ukakutana nazo mtandaoni. Patiromeri, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, imepakiwa kalsiamu. Faida yake ni kuwawezesha wagonjwa wa moyo kuendelea na dawa zinazobakiza potasiamu, ila hushusha magnesiamu na hukausha choo. Nyingine, ya mwaka 2018, si rezini, ni fuwele zenye madini ya zirkoniamu zilizopakiwa sodiamu, jina lake la biashara Lokelma. Kila gramu 5 zina takriban miligramu 400 za sodiamu, na moja ya madhara yake yanayojulikana zaidi ni kuvimba, hasa kwa dozi kubwa. Umeona? Miaka zaidi ya sabini baada ya Dock, tumebadilisha unga mara kadhaa, na bado mgonjwa anavimba kwa kile unga ulichoacha nyuma. Kwetu hizi bado si dawa za kukuta kila duka la dawa, kwa hiyo usijisumbue kuzitafuta kabla daktari wake hajazitaja.

Cha kufanya wiki hii. Tafuta mizani. Mpime kila asubuhi akishakojoa, kabla ya kunywa chai, akiwa na nguo nyepesi zilezile, uandike. Akiongezeka zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, usisubiri tarehe ya kliniki. Akiketi, miguu ipandishwe kwenye kigoda. Siku ya kwenda, beba dawa zote ndani ya mfuko mmoja, na za dukani, na za mitishamba, na huo mkebe, usifiche hata kimoja kwa kuogopa kugombezwa. Omba vipimo vya figo na potasiamu siku hiyohiyo. Mkebe uwaachie wafamasia wauharibu. Kukaa nao nyumbani "kwa dharura" hakufai, maana potasiamu ikipanda ghafla rezini inachukua saa nyingi, wakati mwingine siku, kuishusha, na dharura hiyo hutibiwa hospitali kwa sindano huku moyo ukiangaliwa kwenye mashine.

Akishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, akiamka usiku akihema, akizimia, misuli ikilegea ghafla, moyo ukienda mbio au ukirukaruka, au mkojo ukikatika, mpeleke usiku huohuo. Na kama umeshaanza kumpa unga kabla jibu hili halijakufikia, acha leo, umwulize alipata choo lini mara ya mwisho, na uwaambie kliniki ulimpa vijiko vingapi.